Binti yangu anasoma riwaya ya uonevu bwenini kwa mara ya tatu. Nimnyang'anye?

SWALI: Binti yangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza shule ya bweni. Likizo hii amerudi na riwaya iliyochakaa ambayo wanapokezana bwenini. Wasichana wa kidato cha tatu wanamtesa njuka mmoja, yaani mwanafunzi mgeni, muhula mzima, na mwishoni yule njuka anawamwagia maji ya moto usiku wakiwa wamelala. Anaisoma mara ya tatu sasa. Nami niliichukua usiku mmoja nikaimaliza, na tangu siku hiyo silali vizuri. Je, vitabu vya namna hii havimfundishi mtoto ukatili? Nimnyang'anye? (Mama wa Morogoro)

JIBU: Usimnyang'anye, Mama, angalau si wiki hii. Ukikichukua leo utakuwa umejinyima njia nzuri kuliko zote ya kumuuliza habari za bwenini bila kuonekana unamhoji. Ila umefanya jambo la maana ambalo wazazi wengi hawalifanyi: umekisoma mwenyewe. Bila hilo tusingekuwa na la kuzungumza.

Tuanze na lile la kufundisha ukatili. Maandishi humgusa msomaji, na mguso huo umewahi kupimwa. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Sarah Coyne, na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kisa kiliandikwa kwa namna mbili: katika moja ugomvi unaishia kwenye kupigana, katika nyingine unaishia kwenye umbeya, fitina na kumtenga mtu. Baada ya kusoma, walipewa nafasi ya kumwadhibu mwenzao. Waliosoma habari za mapigano walielekea zaidi kwenye adhabu ya kuumiza mwili, na waliosoma habari za fitina walielekea kwenye kumharibia mwenzao.

Kwa hiyo msomaji habebi "ukatili" wa jumla jumla. Anabeba namna ileile aliyoisoma. Lakini yale yalikuwa matokeo ya dakika chache baada ya kufunga kitabu, kwenye chumba cha majaribio, na hayasemi lolote kuhusu mtoto atakavyokuwa mwakani. Mtu akikuambia utafiti umethibitisha kwamba riwaya zinazalisha wahalifu, ameongeza chumvi. Akikuambia kitabu ni karatasi tu, naye amepunguza.

Mfano mzito zaidi unatoka Marekani. Mwaka 1977 Stephen King alitoa riwaya iitwayo Rage, kwa jina la kubuni la Richard Bachman, kuhusu mwanafunzi anayeingia na silaha na kuwashika mateka wanafunzi wenzake darasani. Tarehe 1 Desemba 1997, kijana wa miaka 14 aliwapiga risasi wenzake shuleni katika jimbo la Kentucky, watatu wakafa, na nakala ya riwaya hiyo ikakutwa kwenye kabati lake. King akataka kitabu kiondolewe sokoni, na hadi leo hakichapishwi tena. Mwaka 2013 alieleza msimamo wake: hakuamini kwamba kitabu ndicho kilichowageuza vijana wa aina hiyo kuwa wauaji, kwa sababu walikuwa wameshaharibikiwa kabla ya kukifungua, wakakuta humo kitu kinachosema na nafsi zao. Lakini aliona kinaweza kuwa mafuta ya taa juu ya moto uliokwisha kuwaka. Huo ndio msimamo ninaokubaliana nao, na ndio unaotuelekeza pa kutazama. Mafuta ya taa yakikaa kwenye chupa hayaunguzi nyumba, kwa hiyo swali la kwanza ni kama kuna moto.

(Kuhusu filamu za vijana zenye mtu kujiua baada ya kuonewa, tahadhari iwe kubwa zaidi. Ile tamthilia ya Netflix ya mwaka 2017, 13 Reasons Why, ilifuatiwa na ongezeko la asilimia 28.9 la vifo vya kujiua Marekani kwa wenye miaka 10 hadi 17 katika mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Waliotoa hesabu hiyo wenyewe walikiri kwamba haithibitishi chanzo, na mtafiti mwingine alizichambua upya takwimu akapinga. Hata hivyo Netflix waliikata sehemu inayoonyesha tendo lenyewe mwaka 2019. Riwaya ni tofauti kidogo: msomaji anaweza kufunga ukurasa, na picha anaichora mwenyewe.)

Hilo la kuchora picha mwenyewe ndilo wazazi hulipita haraka. Ukurasa hauna damu, una maneno. Mtoto ambaye hajawahi kupigwa akisoma "walimvuta hadi bafuni" anaona bafu lisilo na sura. Mtoto aliyewahi kuvutwa anaona bafu la shuleni kwao, vigae vilivyobanduka na taa isiyowaka. Kitabu ni kimoja, ila wa pili amesoma kitu kizito mara kumi. Ndiyo maana kuhesabu vipigo au matusi ili kuamua kama kitabu kinafaa hakukufikishi mbali. Angalia zaidi jinsi tendo linavyosimuliwa, na linasimuliwa kutoka upande gani.

Chukua tukio dogo la bwenini, nimeliandika hapa kwa mfano tu. Namna ya kwanza:

"Tulimwambia njuka ajaze ndoo tatu. Akarudi na mbili na nusu. Rehema akazimwaga zote sakafuni, akampa fagio. Tulicheka mpaka kitanda cha juu kikawa kinalia."

Namna ya pili:

"Ndoo ya tatu ilikuwa na ufa. Nilipofika mlangoni ilikuwa imebaki nusu. Rehema alipoyamwaga maji, yaliingia chini ya tranka langu, na daftari la Hisabati nilikuwa nimeliweka chini kabisa. Rehema alicheka. Zuhura naye akacheka, Zuhura ambaye mchana tulikula sahani moja."

Maji ni yaleyale, hakuna aliyepigwa hata kofi. Ila katika namna ya kwanza msomaji amepandishwa kitanda cha juu na wenye kucheka, hata habari ya ufa haijui. Akicheka nao si kwamba ana roho mbaya, mwandishi ndiye aliyemkalisha pale. Katika namna ya pili anaujua ufa, analijua daftari, na kinachomuuma kuliko vyote ni Zuhura. Mwandishi stadi anaweza kukuanzishia kitanda cha juu, ukacheka, kisha sura tatu mbele akakushusha chini ukaone ulichokuwa unakicheka. Mwandishi mvivu anakuacha juu mpaka mwisho. Kitabu cha namna hiyo hata kisipokuwa na tone la damu mimi ningekiogopa kuliko hicho cha binti yako.

Sasa kirudie hicho kitabu, safari hii si kwa kukimaliza. Riwaya ya kurasa 200 hukaguliwa kwa saa moja hivi: soma sura ya kwanza, sura ambayo uonevu unafikia kilele, sura ya kisasi, na kurasa 10 za mwisho. Kwenye kisasi tazama kama mwandishi ametoa maelekezo au ametoa tukio. "Alimwaga maji" ni tukio. Jiko alilipata wapi, saa ngapi matroni hulala, mlango ulifungwa vipi kwa nje: hayo yakipangwa hatua kwa hatua yanakuwa maelekezo, na hapo nina ugomvi na mwandishi. Kisha tazama kinachofuata. Je, waliounguzwa wanabaki na majina, wanapelekwa hospitali, mama zao wanafika? Au kitabu kinafungwa papo hapo, msomaji akiwa bado anashangilia? Kisasi kinachoishia kwenye shangwe ndicho kinachobaki kichwani mwa mtoto aliyeonewa kama suluhisho.

Jambo la mwisho la kutafuta ni kama kuna njia ya kutokea. Yupo mtu yeyote ndani ya kitabu aliyethubutu kusema na akasaidiwa, hata nusu nusu? Mwaka 2010 watafiti wa Austria waliochunguza habari za magazeti kuhusu kujiua waliona kwamba habari za mtu aliyefika ukingoni kisha akapata namna ya kuishi na shida yake ziliendana na kupungua kwa vifo, si kuongezeka. Walipima magazeti, si riwaya, lakini funzo linahamishika. Kitabu ambacho kila mtu mzima ni mpumbavu au mshirika wa waonevu kinamwachia mtoto ujumbe mmoja tu: usijisumbue kusema.

Kusoma mara ya tatu hakunitishi peke yake. Watoto wa umri huo hurudia wanachokipenda, na kitabu kinachopokezwa bweni zima kina raha yake ya pembeni: usipokijua unaachwa nje ya mazungumzo. Lakini zipo sababu nyingine mbili. Huenda anajiona kwenye yule njuka. Na huenda anajiona kwa Zuhura, au kwa Rehema. Hili la pili wazazi hawalifikirii, kwa sababu kila mzazi huanza na dhana kwamba mwanawe ndiye anayeonewa. Bweni moja huwa na waonevu wachache na waonewa wachache. Walio wengi ni wale wanaotazama wakiwa wamevuta shuka.

Usijaribu kusoma dalili kwenye kurasa zilizochakaa. Kitabu kimepita mikono mingi, kwa hiyo ukurasa unaojifungua wenyewe unakuambia habari za bweni, haukuambii za binti yako. Tafuta kwingine. Toa ile fomu ya kujiunga na shule, linganisha vifaa ulivyonunua na vilivyorudi. Ndoo moja kupotea ni jambo la kawaida. Sabuni za muhula mzima kuisha mwezi wa kwanza, shuka jipya kurudi la zamani lisilo lake, na sketi ambayo anasema "nimemwazima dada mmoja" bila jina la huyo dada: hayo yakija pamoja, uliza. Sikiliza pia jina la utani analoitwa na wenzake kwenye simu, na namna uso unavyobadilika. Angalia siku tatu za mwisho za likizo, tumbo linapoanza kuuma.

Na ujue unatafuta nini. Dan Olweus, mwanasaikolojia wa Sweden aliyefanya kazi yake Norway na ambaye wengi humhesabu kuwa mwanzilishi wa utafiti wa uonevu shuleni, aliweka vigezo vitatu: tendo ni la makusudi, linarudiwa, na anayetendwa hana nguvu sawa ya kujitetea. Wasichana wawili wa kidato kimoja waliorushiana maneno kwa ajili ya kamba ya kuanikia wamegombana. Njuka anayefua nguo za dada mkubwa kila Jumamosi kwa sababu hawezi kukataa anaonewa, hata kama hajaguswa na hata kama wote wanaita "utaratibu wa bweni".

Mazungumzo yafanyike mikono ikiwa na kazi. Kuchambua mchele kunafaa, na kusuka nywele kunafaa zaidi, maana hamtazamani usoni. Usianze na yeye, anza na kitabu. "Nimekimaliza kile kitabu chako. Hivi kwa nini Zuhura alicheka?" (Weka jina la mhusika wa kitabu chenu aliye kama huyo.) Swali la kwa nini Rehema ni mbaya lina jibu jepesi na halikufikishi popote. Swali la kwa nini rafiki alicheka linamlazimisha mtoto aeleze hofu inavyofanya kazi bwenini, naye analijua jibu kuliko wewe na mimi. Akishajibu, nyamaza. Suka mstari mzima bila kusema neno. Kisha lete la pili, ambalo ndilo hasa unalolitaka: "Angekuwa shuleni kwenu, angemwambia nani?" Akitaja mtu kwa jina, matroni au mwalimu wa malezi au kiranja fulani, umepata habari njema. Akisema "hakuna", umepata habari kubwa kuliko kitabu chote.

Mazungumzo haya huharibika kwa njia tatu ambazo ni zilezile kila mara. Mzazi anageuza kitabu kuwa mahubiri ("umeona sasa mwisho wa kisasi?") na mtoto anafunga mdomo. Au anauliza moja kwa moja, "Na wewe wanakuonea?", mtoto anajibu "hapana" kwa haraka, na kwa kuwa ameshasema hapana, kurudi nyuma kunakuwa kama kukiri uongo. Au, na hili ndilo baya kuliko yote, mtoto anasema jambo dogo la kupima kina cha maji, na mzazi anainuka palepale: kesho naenda shuleni! Kama amekupa habari ya sabuni iliyoibwa, amekupa ili aone utafanya nini. Lipokee lilivyo, umshukuru kwa kukuambia, ulale nalo. Lile kubwa huja siku ya pili au ya tatu.

Likija, muulize nani, wapi, lini, mara ngapi, na nani mwingine alikuwepo. Andika maneno yake alivyoyasema, na tarehe. Usimwahidi siri, mwahidi kwamba hutafanya jambo bila kumwambia kwanza. Anza na mwalimu wa malezi, kisha mkuu wa shule, kwa barua yenye tarehe ambayo unabaki na nakala yake. Kama aliyempiga ni kiranja, barua iseme hivyo waziwazi: kanuni za Tanzania zinampa mamlaka ya kiboko mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, tena visizidi vinne na viandikwe kwenye daftari, kwa hiyo hakuna kiranja mwenye ruhusa hiyo. Akiwa na jeraha, au kama kuna jambo la kingono, usisubiri barua. Nenda hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo. Kwa ukatili wa kingono saa 72 za kwanza ni muhimu, maana dawa za kuzuia VVU hazianzwi baada ya hapo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Sasa wewe, Mama, na usingizi wako. Riwaya hizi huwaumiza wazazi kuliko watoto, na sababu yake iko kwenye ufundi wa uandishi. Angalia mama wa yule njuka yuko wapi. Ama amefariki, ama yuko mbali, ama simu yake haipatikani. Mwandishi hana namna: mama akifika ukurasa wa 30, hadithi imekwisha. Kwa hiyo mzazi anayesoma anajikuta ndani ya kitabu kama mtu asiyekuwepo, na analichukua kama shitaka. Ni hitaji la hadithi tu, usilibebe kama ushahidi juu yako. Vilevile riwaya inakata siku za kawaida. Muhula una wiki kumi na kitu, nyingi zikiwa za uji, prepo, kufua na kuchekeshana, na zote hizo mwandishi amezitupa akabakiza usiku saba mibaya. Binti yako anayajua maisha yaliyokatwa, kwa hiyo anaweza kusoma na kulala. Wewe umepewa zile usiku saba tu.

Hofu hiyo isipotambuliwa hugeuka vitendo: kumpigia matroni kila jioni, kupekua tranka, kumhamisha mtoto katikati ya mwaka kwa sababu ya kitabu. Mtoto huona, na hitimisho lake ni kwamba Mama hawezi kubeba habari mbaya. Mtoto aliyefika hapo haambii mtu. Ukitaka kumpigia matroni, piga mara moja, uliza jambo moja lenye jibu: taa zikizimwa, nani mtu mzima anabaki karibu na bweni, na analala wapi?

Kuhusu kupiga marufuku, Februari 2023 Wizara ya Elimu ilizuia vitabu 16 visitumike shuleni kwa kukiuka maadili, vingi vikiwa vya mfululizo mmoja wa kuchekesha wa Marekani kuhusu mvulana na misukosuko yake ya shule. Marufuku ya namna hiyo inashika maktaba na maduka. Kitabu kinachopita chini ya mito hakijawahi kupita maktaba.

Nitakubali ukichukue katika hali hizi: kama usingizi au chakula vimemharibikia zaidi ya wiki mbili, kama anausoma ukurasa mmoja tu wa kisasi na kuunakili, kama anawataja watu halisi kwa majina ya waonevu wa kitabuni, au kama anazungumzia kufa, kwake au kwa mwenzake. Hilo la mwisho halingoji wiki mbili, anahitaji mshauri nasaha au daktari siku hiyo. Ukikichukua mwambie wazi kimechukuliwa na nani, kwa nini, na kitarudi lini. Kitabu kinachotoweka tu kimya kimya kitasomwa tena, safari hii kwa tochi.

Nje ya hali hizo, kiache. Mdogo wake wa miaka 9, kama yupo, asikipate. Kiwekwe juu ya kabati kikiwa hakisomwi. Na shule ikifunguliwa aondoke nacho. Kitabu ni cha watu, na kuna mwenzake yuko kwenye foleni, na njuka aliyerudi mikono mitupu bila kitabu cha bweni zima ameshajitafutia kesi ya wiki ya kwanza.